Shule inadai ripoti ya tathmini ya mwanangu, nami sijui pa kuanzia

SWALI

Mwalimu, pokea salamu kutoka Kayole. Mimi ni mama wa watoto wawili. Kifungua mimba wangu ana miaka 11 na yuko Gredi ya Tano katika shule ya msingi ya umma hapa mtaani.

Si mtoto mjinga, na sisemi hivyo kwa kuwa nimemzaa. Mpe mia mbili akanunue unga na sukari, hesabu ya chenji ataimaliza kabla mwenye duka hajafungua droo. Akisikia habari kwenye redio ya jirani, jioni anatusimulia yote, nani alisema nini na kwa nini. Lakini mpe kitabu asome, anaanza kutokwa na jasho. Anasoma kwa kidole, silabi moja moja, akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshampotea. Kuandika ndiyo balaa. Anataka kuandika "dada", inatoka "baba". "Kalamu" inakuwa "kamalu". Insha yake ya Kiswahili ya wiki jana ilikuwa mistari mitatu, na yeye mwenyewe nilipomwambia aisome hakuweza.

Mwalimu wa Gredi ya Pili aliniambia nisijali, atakomaa. Wa Gredi ya Tatu akasema ni mvivu. Mwaka jana mwalimu mwingine alimsimamisha mbele ya darasa asome hadithi, wenzake wakacheka, naye mwalimu akawaacha wacheke. Tangu hapo kila Jumatatu asubuhi tumbo linamuuma.

Muhula uliopita mwalimu mkuu aliniita ofisini. Alisema mtoto anahitaji tathmini ya mwanasaikolojia, nilete ripoti, la sivyo atamrudisha Gredi ya Nne. Nikauliza tathmini hiyo inafanywa wapi. Akasema shule haina mtu wa kazi hiyo, nitafute mwenyewe. Nilipiga simu kwenye kliniki moja ya kibinafsi na bei waliyonitajia inazidi kodi yangu ya nyumba ya miezi kadhaa. Mimi nauza mitumba, baba yake ni fundi wa mjengo. Nikarudi shuleni kusema sina pesa hizo, nikaambiwa basi ningoje, watawasiliana na watu wa elimu. Muhula umeisha na mwingine umeanza, kimya.

Nyumbani nako hakukaliki. Mume wangu hataki kusikia habari za mwanasaikolojia, anasema mwanawe si kichaa, anahitaji kiboko tu. Mama mkwe aliponong'ona kwamba hata yeye, baba mtu, alipata taabu hii hii na ndiyo maana aliacha shule darasa la sita, hawakusemezana wiki nzima. Na ni kweli, Mwalimu. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia, ananipa mimi simu nimsomee, anasema macho yamechoka.

Naomba unisaidie. Nani hasa anapaswa kumpeleka mtoto huyu kufanyiwa tathmini, mimi au shule? Nikimpeleka, hawatamtoa shuleni na kumtupa shule maalum? Na mtoto mwenyewe nimwambie anapelekwa wapi?

Mama Kifungua Mimba, Kayole

JIBU

Mama, acha kungoja shule. Hilo ndilo jambo la kwanza, na kama utasahau mengine yote nitakayoandika, shika hilo. Mzazi anaweza kumpeleka mtoto wake kwenye tathmini yeye mwenyewe, bila kusukumwa na mwalimu mkuu. Shule ina wajibu wake, na nitaufikia, lakini wewe huhitaji ruhusa ya mtu.

Pa kwenda papo, na si kliniki ile ya bei ya kutisha. Wizara ya Elimu ina vituo vya tathmini na rasilimali za elimu ambavyo walimu wote wanavijua kwa herufi zake, EARC. Vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na vingi vimo ndani ya uwanja wa shule ya msingi ya umma, ndiyo maana watu hupita nje ya lango kila siku wasijue viko hapo. Kayole iko katika kaunti ndogo ya Njiru. Nenda kwenye ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, uulize afisa wa EARC anakaa wapi na siku zake za kuona watoto ni zipi. Uliza hivyo hivyo, kwa herufi hizo. Ukisema unatafuta mwanasaikolojia wa shule utazungushwa kutwa nzima.

Mahali pengine ni Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, kule Kasarani. Kutoka kwako unashika Outer Ring hadi Allsops, kisha Thika Road. Taasisi hiyo ipo tangu 1986 na ndiyo inayowafundisha walimu wa elimu maalum nchini. Ina kituo cha kitaifa cha tathmini, chenye wataalamu wa fani mbalimbali chini ya paa moja. Piga simu kwanza uombe miadi na uulize malipo kabla ya kutoa nauli.

Hapa nataka tuelewane juu ya neno "mwanasaikolojia" alilokutajia mwalimu mkuu, maana ndilo lililokupeleka kliniki ya kibinafsi. Afisa wa EARC kwa kawaida ni mwalimu aliyesomea elimu maalum na upimaji. Kwa mtoto ambaye shida yake ni kusoma na kuandika, ripoti ya afisa huyo ndiyo mfumo wa elimu unaoitambua, na ndiyo shule yako inayoihitaji. Mwanasaikolojia hutafutwa pale picha isipoeleweka: kwa mfano kusoma kumekwama na pia mtoto hatulii hata dakika tano, au ameacha kuongea, au ameingiwa na huzuni isiyoisha. Ikifika hapo afisa atakuandikia umpeleke mbele, na katika hospitali za Kenyatta na Mathari wako wanaoshughulikia watoto. Ukilazimika kumlipa mtu wa kibinafsi, muulize bila haya kama amesajiliwa chini ya sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014. Na mtu yeyote akikwambia atapima akili ya mwanao kwa alama za vidole, au akuuzie dawa ya kuongeza ubongo, shika mtoto wako mkono mtoke.

Kabla ya yote hayo, macho na masikio. Mpeleke hospitali ya Mama Lucy, apimwe kuona na kusikia, na upewe karatasi. Kuna watoto waliopigwa miaka mitatu kwa kutosoma ubaoni kumbe ubao wenyewe hawauoni. Kuna wengine wenye sikio linalotoka usaha tangu utotoni, sauti za "p" na "b" kwao ni kitu kimoja. Sidhani wako ndiye, kwa jinsi anavyosikiliza redio ya jirani, lakini EARC swali la kwanza watakalokuuliza ni hilo, na ukienda na majibu umejiokolea safari.

Sasa nikueleze kwa nini barua yako ilinifanya nikae kitako. Ni zile "dada" na "kamalu". Watoto wengi wa Nairobi wanasoma Kiingereza vibaya na hilo peke yake halinishtui. Darasani Kiingereza, nyumbani Kiswahili, njiani Sheng, na Kiingereza chenyewe kinaandikwa namna moja na kutamkwa namna nyingine. Kiswahili hakina mtego huo. Herufi hutamkwa jinsi ilivyoandikwa, ba ni ba popote uiendapo, na mtoto akishajua silabi zake anaweza kusoma hata neno asilolijua maana. Kwa hiyo mtoto wa miaka 11, aliyefundishwa Kiswahili tangu chekechea, anayekizungumza kwa ufasaha huo unaousema, akiwa bado anasoma silabi moja moja na kugeuza herufi, hilo ni jambo la kuangaliwa na mtaalamu. Kuna hali inayoitwa disleksia, ambapo akili ya mtoto iko sawa lakini kuunganisha sauti na herufi kunamshinda. Katika lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa huonekana zaidi kwa mwendo wa pole usiokwisha kuliko kwa makosa. Siwezi kusema ndiyo hiyo, wala usikubali mtu ye yote aseme kwa kusoma barua. Lakini hakikisha afisa anampima kwa Kiswahili pia. Akimpima kwa Kiingereza tu, ripoti itashindwa kutenganisha shida ya kusoma na ugeni wa lugha, na mwisho itaandikwa "yuko chini kimasomo", maneno ambayo hayatamsaidia mwalimu wala mtoto.

Fanya jaribio moja nyumbani. Chukua karatasi ya mtihani wa Sayansi wa muhula uliopita, ile aliyoanguka. Msomee maswali wewe kwa sauti, naye ajibu kwa mdomo, wewe uandike anachosema bila kumsaidia. Kama anapata mengi kwa kusikia na machache kwa kusoma, karatasi hizo mbili zikiwekwa ubavu kwa ubavu zitaeleza zaidi ya nusu saa ya maneno. Zibebe. Beba na madaftari ya zamani, yale ya Gredi ya Pili na ya Tatu kama hujayatupa, ripoti za shule, kadi ya kliniki ya utotoni, na karatasi za macho na masikio. Watakuuliza pia mimba ilikuwaje, kama alipata manjano au degedege, alianza kuongea lini, na kama kuna mtu katika ukoo aliyepata shida ya kusoma. Swali hilo la mwisho lijibu kwa ukweli wote. Mambo haya hurithiwa, na habari aliyokunong'onezea mama mkwe ina uzito mkubwa.

Turudi shuleni. Shule ndiyo iliyoona shida, ndiyo inayomjua darasani, na afisa atataka maoni ya mwalimu wa darasa kwa maandishi. Kwa hiyo usigombane nao, lakini mambo ya mdomo yaishe. Andika barua, nakala ubaki nayo, na waombe waigonge muhuri wa kupokelewa. Iandike kwa Kiswahili kama ndicho kinachokutoka vizuri, Katiba imekifanya lugha rasmi. Isiwe ndefu:

"Kwa Mwalimu Mkuu. Kuhusu mwanangu, Gredi ya Tano. Muhula uliopita ulinieleza kwamba anahitaji kufanyiwa tathmini kwa sababu ya ugumu wa kusoma na kuandika. Nimekubali. Ninampeleka kituo cha EARC. Naomba shule inipe barua ya rufaa pamoja na maelezo ya mwalimu wa darasa kuhusu anachoweza na kinachomshinda, kabla ya tarehe fulani. Naomba pia asirudishwe darasa, na asisimamishwe kusoma mbele ya wenzake, wakati tathmini inasubiriwa."

Tarehe iweke wiki mbili mbele. Zikipita kimya, peleka nakala hiyo yenye muhuri kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na mwone yule afisa wa mtaala anayesimamia shule zenu, CSO. Si kushtaki. Ni kwamba barua yenye muhuri huwa inajibiwa.

Hilo la kumrudisha Gredi ya Nne lisikutoe usingizi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 35, inakataza mwanafunzi kuzuiliwa darasa. Na hata kama sheria ingenyamaza, kurudia kungemsaidia nini? Atakaa mwaka mwingine akifundishwa kwa njia ile ile iliyomshinda, safari hii na watoto wadogo kuliko yeye. Kifungu kinachofuata, cha 36, kinakataza kumwadhibu au kumdhalilisha mtoto, kwa mwili au kwa akili. Kumsimamisha mtoto asiyejua kusoma mbele ya darasa ili achekwe kumo humo. Ninajua madarasa yetu yamejaa na mwalimu mmoja ana watoto wengi kupita kiasi. Nimefundisha madarasa hayo. Bado hakuna msongamano unaomlazimisha mwalimu kuwaacha watoto wacheke.

Umeuliza kama watamtupa shule maalum. Hofu hiyo ninaisikia kwa wazazi wengi na ndiyo inayowafanya wafiche watoto hadi wanapomaliza shule mikono mitupu. Sera ya wizara ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inaelekea elimu jumuishi, mtoto asaidiwe alipo, na Kifungu cha 54 cha Katiba kinatetea hilo. Afisa hutoa pendekezo, nawe unalizungumza naye. Kwa mtoto anayefikiri vizuri na anayekwama kwenye maandishi, sioni sababu ya kumwondoa darasani kwake. Wakipendekeza kuhama, uliza: atapata nini huko ambacho hawezi kupewa hapa? Jibu liwe la wazi.

Na ripoti ikitoka, kazi ndipo inapoanza. Isome yote hapo hapo, usiondoke na bahasha iliyofungwa. Itafute sehemu inayomwambia mwalimu afanye nini. Kama hakuna, mwombe afisa aiandike. Ukifika shuleni omba kikao na mwalimu wa darasa, mkae mwandike mpango wa mtoto binafsi, ule wanaouita IEP: malengo ya muhula huu, nani atafanya nini, mtakutana lini tena. Mambo yenyewe si makubwa. Kukaa mbele. Kupewa maswali kwa mdomo pale kinachopimwa ni Sayansi na si kusoma. Kutonakili ubao mzima. Dakika chache kila siku za sauti na silabi, kwa mpangilio, kutoka chini kabisa, bila haya ya kwamba ni mambo ya watoto wadogo. Nakala halisi ya ripoti ikae kwako nyumbani, shule ipewe kivuli chake. Ripoti hupotea kwenye kabati za ofisi, na ikipotea unaanza upya.

Mwaka ujao ana KPSEA, ule mtihani wa taifa wa mwisho wa Gredi ya Sita. Kumbuka alama zake zinajengwa tangu sasa, kwa sababu asilimia 60 hutokana na tathmini za shuleni za Gredi ya Nne, ya Tano na ya Sita, na karatasi ya mwisho ni 40. KNEC, baraza la mitihani la taifa, huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalum, kwa kawaida dakika 30 kwa karatasi, lakini ombi hupitia kwa mwalimu mkuu wakati wa usajili na huambatanishwa na ripoti ya tathmini. Ndiyo maana nakuhimiza uende muhula huu. Ukifika baada ya usajili utaambiwa umechelewa.

Kuhusu baba mtoto, nitasema kwa upole. Mtu mzima anayempa mkewe simu amsomee ujumbe wa pesa zake mwenyewe ni mtu aliyebeba mzigo huu peke yake tangu darasa la sita, na huenda kiboko ndicho alichopewa yeye. Usimshinde kwa hoja wala usimtaje mama yake. Mweleze kwamba hakuna anayesema mtoto ni kichaa. Mwonyeshe zile karatasi mbili za Sayansi, msomee majibu ya mwanawe. Kisha mwombe aandamane nanyi, kwa sababu afisa atataka kumsikia baba pia. Asipokwenda safari ya kwanza, nenda na mtoto. Usiahirishe.

Mtoto naye mwambie kweli, kwa maneno yake. Anaenda kwa mwalimu ambaye kazi yake ni kujua kwa nini kusoma kunamwia kugumu ili walimu wake wajue jinsi ya kumsaidia. Hakuna sindano. Kutakuwa na picha, mafumbo, hesabu, kusoma kidogo na kuandika kidogo, na hakuna kupita wala kuanguka. Mwambie pia kwamba asipojua aseme sijui. Usimfundishe chochote usiku wa kuamkia siku hiyo, apumzike. Kikao kinaweza kupita saa ya chakula, kwa hivyo mbebee chai na kitu cha kutafuna, na mpe mwalimu wa darasa habari mapema kwamba siku hiyo hatakuwa shuleni.